Tope Nililolitupa Mutimbuzi

Mwanangu Saada,

Assalamu alaykum, ingawa tuko nyumba moja na sauti yako naisikia kutoka hapa nilipokaa. Uko uani na shangazi zako, mnabishana juu ya lile sufuria kubwa ambalo mama yako anataka ulibebe hadi Rumonge na wewe hulitaki. Alasiri imeshaswaliwa. Nimejifungia chumba cha mbele, nimewaambia namwandikia binamu yangu wa Uvira. Nimeanza na uongo, unisamehe. Utaona kwamba ni mdogo kuliko ule mwingine.

Sitakuandikia mambo ya ndoa wala ya jikoni. Mama yako ameshasema, shangazi zako wameongeza chumvi, na Idi mume wako ni kijana mwenye haya, namshukuru Mungu kwa ajili yake. Mimi nina jambo moja tu, na nimelibeba miaka mingi.

Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Ulirudi kutoka shambani kwa Mama Esperansi, jirani yetu wa shamba, mikono imejaa mihindi iliyong'olewa, nguo yote mchanga. Tukakaa kwenye mkeka kula. Hukugusa chakula. Ukasema, "Yule mutu aliyemusemea Mama Esperansi uongo, Mungu asimusamehe." Mama yako akaitikia amina. Na mimi niliitikia.

Mtu yule ni mimi, Saada.

Usiikunje karatasi bado. Soma hadi mwisho, halafu utafanya utakavyoona. Nitakueleza tangu mwanzo, kwa sababu dhambi yangu ilianzia kwenye mchanga, na wewe kesho unakwenda kulima mchanga. Idi ameniambia ile parsele ya shamba waliyopewa iko kando ya mto, nyeupe, jembe linaingia bila kusukumwa. Aliponiambia hivyo alikuwa anatabasamu. Mimi nilishtuka, maana hata mimi nilitabasamu hivyohivyo.

Unajua mimi si mkulima. Baba yangu alikuwa fundi wa kamiyo hapa Buyenzi, na mimi nilikua chini ya kamiyo. Darasa la sita nililiacha nusu. Nilichojua ni boksi ya gia na breki. Halafu vita vikafunga njia, na baadaye ambargo ikaja, nchi jirani zikatufungia mipaka, kamiyo hazikuingia tena na zile zilizokuwemo hazikuwa na mafuta. Garaje ikawa mahali pa kukaa na kuhadithiana. Ndipo tajiri mmoja ambaye nilikuwa namtengenezea kamiyo zake akaniambia ana kipande kando ya mto Mutimbuzi, juu ya Kinama, nikilime tu hadi kazi irudi. Mungu amlipe yule mzee. Kipande kile kilitulisha, na sijawahi kukitaja katika dua bila kumtaja yeye.

Siku ya kwanza nilivua ndala nikakanyaga. Mchanga ulikuwa na joto la asubuhi, laini, mweupe. Jembe liliingia kama kijiko kwenye sukari. Nikajisemea, kumbe hawa watu wa milimani wanalalamikia nini? Kwa saa mbili nilikuwa nimemaliza eneo ambalo kwenye udongo mwekundu lingemchukua mtu siku mbili. Nikashuka mtoni nikatawadha, nikaswali adhuhuri bila mkeka, paji la uso kwenye ule mchanga, na nilipoinuka haukuniachia doa. Nikaupenda. Sisi watu wa msikitini tunapenda mahali safi, na ule ulikuwa mchanga ambao ungeweza kutayamamu nao bila wasiwasi.

Basi nikaanza kuufagia. Wewe ulicheka, unakumbuka? Nilikata ufagio wa vijiti, nikatoa kila jani na kila unyasi, nikavichoma. Shamba likawa kama uwanja wa msikiti siku ya Idi. Jirani yangu akasimama mpakani akaniangalia. Alikuwa mwanamke mwembamba, rozari shingoni, mkimbizi kutoka milimani aliyepanga chumba Kinama na binti yake mmoja, Esperansi, baada ya nyumba yao kuchomwa. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuongea naye.

"Baba, unafagia shamba? Unangojea wageni?"

Nikamwambia, "Mama, usafi ni nusu ya imani."

"Yego. Lakini hiyo mihindi itakula nini?"

Niliendelea kufagia. Nilimwona mwanamke wa mlimani asiyejua mambo.

Mvua kubwa za mwaka ule zikaja, Mutimbuzi ukajaa, ukaingia kwangu siku mbili. Maji yalipoondoka, mchanga wangu mweupe haukuonekana tena. Ulikuwa umefunikwa na tope jeusi, pengine unene wa kidole, pengine kiganja kizima, linanuka samaki na majani yaliyooza. Nilikaribia kulia. Shamba la Mama Esperansi lilikuwa juu kidogo, maji hayakufika, likabaki jeupe vilevile. Nilimwonea wivu siku ile pia, lakini kwa sababu ya kijinga. Nilimwonea wivu kwa mchanga mtupu.

Tulikwangua wiki nzima, wewe na mimi, kwa majembe na kwa vibao. Ulipoteza ndala yako ya bluu kwenye lile tope ukalia, nikakuahidi nyingine. Tulikuwa tunasukuma lundo hadi ukingoni lirudi mtoni. Mama Esperansi akaja na kikapu.

"Munatupa hii?"

"Tunatupa."

"Yote?"

"Yote, mama. Unaitaka?"

"Nitaibeba yote."

"Beba, beba uchafu wako, Mungu akuongezee na mwingine!"

Akapiga vigelegele kabisa. "Amina! Aniongezee na mwengine!" Wewe ukacheka hadi ukakaa chini. Hata mimi nilicheka. Tulidhani tunamcheka yeye.

Alibeba kichwani siku nane. Alilimwaga juu ya mchanga wake, akalichanganya kwa jembe, akakata matete akayalaza juu yake. Nilimwona na kumhurumia.

Mimi na yeye tulipanda wiki ileile moja. Mihindi yangu ilitoka kwanza, kwa sababu mchanga hupata joto upesi, na nilijisifu garaje nzima. Ilipofika gotini ikasimama. Majani yakaanza kuwa ya manjano kutoka chini. Nilimwagilia mara moja kwa siku tatu, lakini kwa nguvu, mapipa mawili, nikidhani mimea inashiba kama kamiyo unavyoijaza tangi ikaenda safari. Maji yalizama mbele ya macho yangu. Baada ya saa moja nikichokora kwa kidole palikuwa pakavu. Nikatafuta mbolea ya dukani, ile iliyokuwa ikipatikana kwa taabu, nikaimwaga yote siku moja. Jioni mvua ikanyesha. Mchanga hauna mikono ya kushika kitu, mwanangu. Ukiupa maji, unayaachia. Ukiupa chakula, unakiachia kiende chini ambako hakuna mzizi wa kukifuata.

Upande wa pili wa mpaka mihindi ilikuwa imenipita kimo. Kijani cha kuumiza macho.

Sasa fikiria mtu anayepita pale kila siku. Kwanza nilikuwa namsalimia Mama Esperansi. Halafu nikawa nasalimia nikiangalia pembeni. Halafu nikawa napita njia ya mtoni nisimwone. Hakunifanyia chochote. Alikuwa ananiita, "Baba Saada, njoo nikuonyeshe!" nami najifanya sikusikia.

Ijumaa moja baada ya swala nilikaa kwa muuza kahawa, pale tulipokuwa tunakaa mafundi wote. Wakaanza utani.

"Fundi, mihindi yako inataka bujii mpya, haiwaki!"

"Apana, ni betri imekufa. Tuisukume!"

"Na yule mama jirani yake? Ya kwake ni pori kabisa. We fundi, mwanamuke anakupita hivyo?"

Wote wakacheka. Ni watu wangu, walinipenda, hawakuwa na ubaya. Lakini mimi nilikuwa na uso wa moto. Nikasema, "Yule? Yule anapata mbolea usiku. Si mnajua wanaopita usiku ni nani. Wale wa porini ndio wanaomletea."

Hakuna aliyecheka. Mmoja akaangalia kikombe chake. Ilikuwa miaka ya waasi na askari, ambayo neno kama lile huwezi kulirudisha mdomoni. Nilijua. Usije ukadhani sikujua. Ningeweza kusema palepale, jamani natania. Nilinywa kahawa yangu nikaiona tamu, kwa sababu walikuwa wameacha kunicheka.

Siku nne baadaye nilifika shambani asubuhi nikakuta mihindi yake imelala. Imeng'olewa safu kwa safu na chini pamechimbwachimbwa. Mkata matete mmoja aliyekuwa ng'ambo akaniambia kwa sauti ya chini, "Askari wamemubeba. Wanasema anaficha vitu vya watu wa porini chini ya mihindi."

Nilisimama. Nikaokota mche mmoja bila sababu, mkono tu ulitaka kushika kitu. Na nikaona mizizi. Ilikuwa imekumbatia bonge la udongo mweusi, lenye unyevu, lenye minyoo midogo, na bonge lile lilikataa kudondoka hata nilipotikisa. Nikalivunja kwa vidole. Ndani yake mlikuwa na kipande cha ukanda wa ndala yako ya bluu.

Saada, ile ndiyo mbolea aliyokuwa anapewa usiku. Nilimpa mimi, mchana, huku nacheka.

Nikavuka mpaka nikang'oa mche wangu mmoja. Ulikuja bila kuvutwa. Mizizi myembamba, myeupe, haikushika hata punje, kama uzi uliotoka kufuliwa.

Nikachukua miche ile miwili nikaenda nayo mahali walipokuwa wamemweka. Sitakuandikia ni wapi. Njia nzima nikawa nasoma kila dua niliyoijua kwa moyo. Aliyekuwa mkubwa pale alikuwa kijana tu, macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Mzee, unataka nini na mihindi yako?"

"Nimekuja kwa ajili ya yule mama wa Mutimbuzi. Hana kosa. Mimi ndiye niliyesema lile neno."

"Wewe?"

"Mimi. Nilisema uongo."

"Na kwa nini ulisema?"

Nilikuwa nimejiandalia majibu mengi njiani. Likatoka moja. "Wivu."

Akaniangalia sana. Nikaweka miche mezani kwake. Nikamwonyesha mizizi ya mmoja na ya mwingine, nikamweleza kuhusu mafuriko na tope na kikapu. Alikuwa mtoto wa wakulima, naona, kwa sababu alishika lile bonge, akalinusa, akalikamua kiganjani kama mtu anayelijua.

"Mzee. Muto ulikuletea hii, na wewe ulitupa?"

"Nilitupa."

"Ulikwangua?"

"Wiki nzima."

Akaita wenzake. "Kujeni muone mutu ya Buyenzi! Anafagia shamba!" Walicheka hadi mmoja akashika ukuta. Nilisimama katikati yao nikichekwa, na safari hii nilimshukuru Mungu kwa kila kicheko, kwa sababu niliona uso wa yule kijana unalegea. Akaniambia niende nyumbani, ataona.

Hapo ndipo nilipofika nyumbani jioni, na nilikuambieni tu kwamba nimekwenda kumwombea aachiliwe. Mlinipa sifa. Nawe ukaweka mihindi yako chini, ukasema ile dua yako. Nikaitikia.

Walimwachia kesho yake. Alitoka akiwa na uso uliovimba, na sikio lake la kushoto halikupona. Wewe umezoea kukaa upande wake wa kulia ukiongea naye, na unadhani ni kwa sababu ya dawa ya kinini aliyokunywa alipougua malaria. Hapana, mwanangu. Ni mimi.

Nilingoja wiki. Nilimkuta anapanda upya, amechuchumaa. Nikakaa kwenye mchanga mbele yake. Nilikuwa nimeshika kichwa changu. Akaniambia bila kuinua uso:

"Baba Saada, mi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Nani mwengine anaangalia mihindi yangu kila siku hivyo? Bwana yangu, Mungu amurehemu, hakuwahi kuniangalia hivyo."

Nililia, Saada. Nililia kwa sauti, mtu mzima na kofia yangu kichwani. Yeye aliendelea kufukia mbegu. Halafu akafuta mikono akasema walikwishamwambia palepale alipokuwa amefungiwa kwamba kuna mzee wa Buyenzi amekuja kujishitaki na mihindi. "Ningekuchukia," akasema. "Nilitaka. Lakini wangapi walisema neno juu yetu kule mlimani? Hakuna hata mumoja aliyekuja kusema ni mimi. Wewe ulikuja na mihindi mkononi kama mupumbavu."

Nikamuuliza nifanye nini.

"Utabeba," akasema. "Waliharibu udongo wangu. Utabeba mwengine."

Basi nikabeba. Msimu mzima mliniona naondoka na baiskeli na vikapu mkadhani napenda sana kilimo. Chini ya ukingo, penye matete, mto huacha tope kila unapopungua. Nilikuwa nalichota pale, nikimwangalia kiboko kwa jicho moja. Nilipomaliza shamba lake hakuniambia asante, aliniambia, "Sasa la kwako." Na akaniwekea mchungaji wa kunisimamia, yaani yeye mwenyewe, na fimbo ya mhogo.

Yale yote unayoyajua kuhusu mchanga, yale uliyoyasema mbele ya wakwe zako kwamba umefundishwa na baba yako, ni yake. Nilikuwa napokea asubuhi kwake, nakupa wewe mchana kama yangu. Ile ya kushika udongo kiganjani, kuumwagia maji kidogo na kuukamua, ukisambaratika ukiufungua mkono ujue uko kwenye mchanga hasa, ukibaki bonge ujue mto ulikuachia kitu. Ile ya kumwagilia kidogo asubuhi na kidogo jioni, kama unavyomlisha mtoto mchanga na si kama unavyomlisha mgeni. Samadi kiganja kimoja ndani ya kila shimo, pamoja na mbegu, usiitawanye, na usiitoe yote kabla ya mvua. Karanga na viazi vitamu kwanza, maana mchanga unaviachia vinenepe, mihindi baadaye. Na usiuache uchi kamwe. Mimi bado nikiona majani yamelala juu ya shamba mkono unatafuta ufagio.

Kuna moja sikukupa, kwa sababu alinionyesha baada ya wewe kurudi shule. Alinichimbisha shimo shambani kwangu hadi kiunoni, akaniambia niangalie ukuta wake. Nilitegemea mchanga juu hadi chini. Kumbe kulikuwa na mistari. Mchanga mweupe, halafu mstari mweusi mwembamba, mchanga mwekundu wa mawe madogo, halafu mweusi tena, mnene, kama chapati zilizopangwa. Kila mstari mweusi ni mwaka ambao mto ulikuja ukakaa ukatulia. "Ona," akasema, "bibi yako hajazaliwa, muto ulikuwa unalisha hapa." Mkifika Rumonge, wewe na Idi, chimbeni shimo kama hilo kabla hamjapanda hata punje. Kama mstari mweusi uko karibu, mizizi ya mihogo itaufikia yenyewe. Kama uko mbali, mtabeba. Na mto ukija ukafunika parsele yenu, Saada, mkae chini mumshukuru Mungu, hata kama inanuka.

Lakini sikukaa hapa kuandika ili nikufundishe kilimo. Unaijua vizuri kuliko mimi.

Mama yako nilimwambia mwaka jana. Siku tatu alinipikia vizuri kabisa, jambo lililonitisha. Siku ya nne akauliza, "Na mutoto?" Nikasema sijamwambia. Akasema, "Usimupe mume mutoto ambaye hakujui." Nikaahidi, na nikaahirisha. Mama Esperansi naye nilimwomba zamani anisaidie kukuambia. Alikataa. "Mutoto anakupenda. Hiyo utamwambia weye mwenyewe, siku utakuwa na nguvu. Mi nimebeba ya kutosha." Hakuwahi kulitoa mdomoni mwake. Miaka yote hii amekula sikukuu ya Idi kwetu na sisi Noeli kwake, amekusuka nywele, na hakuniangusha machoni pako hata siku moja. Huyo ndiye aliyenisitiri. Sijui Mungu amemwandikia nini huko akhera mtu kama huyo, lakini naomba niwe karibu nione.

Ijumaa iliyopita, mbele ya wazee wa Idi mume wako, ulisimama ukasema unakwenda kwenye mchanga bila hofu kwa sababu baba yako ni mtu aliyekwenda kumtoa jirani mikononi mwa watu wabaya. Wazee wakanishika mkono mmoja mmoja. Nilitamani ardhi inimeze. Na kesho asubuhi Mama Esperansi atakuja kukuaga kwenye gari. Utamkumbatia, na mimi nitakuwa nimesimama hapo. Nikaona siwezi kukuacha umkumbatie huku hujui ni nani amesimama pembeni.

Ninakushukuru, mwanangu. Labda hulijui hili. Siku ile ulipoingia shambani ukamkuta hayupo, hukuuliza ni nani, dini gani, kabila gani, nani atatuona. Uliokota mihindi yake ukaileta nyumbani, ukampelekea binti yake chakula Kinama peke yako. Mimi, hata baada ya kujishitaki, nilikuwa bado nahesabu nani amenisikia kwa muuza kahawa. Ulipomlaani yule msengenyaji, moyoni nilijua umesema haki, na hofu iliyoniingia usiku ule ndiyo iliyonipeleka kwake kukaa mchangani na kulia. Kama ungenyamaza, pengine ningenyamaza hadi leo, nikawa mtu wa kupita njia ya mtoni maisha yangu yote. Kwa hiyo hata dua ile naishukuru. Namshukuru Mungu kwa tope, kwa ukanda wa ndala, kwa yule kijana mwenye macho mekundu aliyejua udongo. Ningeweza kufika pale nikamkuta mwingine. Wengi katika miaka ile walikuta mwingine.

Kuna siku jirani yako huko atakuwa na kijani kuliko chako. Nakuomba tu, siku hiyo uvuke mpaka umuulize.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii chini kabisa ya nguo zako, uikute Rumonge, mbali na macho yangu. Nimeikunja mara mbili nikaikunjua. Nimeona ingekuwa tena kusema nyuma ya mgongo wa mtu. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie hapa, nikiwepo, usiku huu tuna muda. Ukitaka kunisamehe, sikuombi ufanye haraka kwa sababu ya safari. Ukishindwa, ondoka kesho bila kunishika mkono, na mama yako hatakuuliza, nimemwambia asiulize. Utabaki mwanangu na nitaendelea kukuombea kwa jina lako kila sijida.

Shangazi zako wanaaga mlangoni. Nimekusikia unawacheka kwa mara ya mwisho na kufunga komeo. Uko peke yako uani.

Nainuka, nakuletea.

Baba yako,
Ramadhani fundi